Sarara Isipigwe Panga

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu, bucha ya kijijini Muyama haina mambo mengi: gogo, panga, mzani na foleni. Paja linashushwa kwenye ndoano, linapigwa mapande, mfupa unachanganywa na mnofu, kipande cha ini kinaongezwa juu, kilo imetimia. Anayefuata! Kabla jua halijawa kali, ule ukanda mrefu wa nyama unaolala chini ya uti wa mgongo, laini kuliko nyama yoyote ya mnyama yule, umeshagawanyika kwenye mifuko ya watu kumi, wala hakuna aliyejua kwamba ameupata.

Ukanda huo ndio sarara. Bucha za mjini huuita fileti. Familia za Muyama, Kasulu na Kibondo zinazotaka kuweka mezani kitoweo cha heshima siku ya Krismasi, ya kipaimara au ya mtoto kumaliza chuo, zianze kuagiza sarara nzima, na wenye bucha waanze kuiuza nzima. Pishi linaloistahili lipo: nyama ya kuoka iliyovikwa unga, ambayo Waingereza huiita Beef Wellington.

Jina linatisha, pishi halitishi. Wengi hulihusisha na Duke wa Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815, ila mapishi yaliyochapwa kwa jina hilo yalianza kuonekana miaka mingi baada ya jemadari mwenyewe kuzikwa. Wafaransa nao wana la kwao linalofanana nalo. Tena, kuifunika nyama ili iive ndani ya mvuke wake ni jambo la kale katika nchi za Maziwa Makuu na pwani. Waganda wana luwombo, nyama inayofungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, na masimulizi yao huihusisha na jiko la Kabaka Mwanga mwaka 1887. Waomani wana shuwa: nyama hupakwa viungo, hufungwa kwenye majani, kisha hufukiwa kwenye shimo la makaa kwa ajili ya Idi. Wellington ni wa ukoo huohuo, isipokuwa nguo yake nayo huliwa.

Mpishi wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hana haja ya kwenda mbali kutafuta vifaa. Krismasi huangukia katikati ya mvua, wakati ambapo misitu ya miombo ya Kigoma inatoa uyoga, mwingine ukichipua kwenye vichuguu. Sharti moja tu: uchumwe na anayeujua, kwa sababu ulio na sumu huota jirani na unaoliwa. Uyoga hukatwakatwa mpaka uwe kama chengachenga, ukakaangwa pamoja na kitunguu na kitunguu saumu hadi maji yake yote yakauke. Hapo hapana haraka. Uyoga wenye maji huloanisha unga, na kilichokusudiwa kuwa ganda kikavu kinageuka kuwa uji.

Dhidi ya maji hayo, wapishi wengi wa zamani wa Ulaya waliweka kati ya nyama na unga kitambaa chembamba cha mayai, maziwa na unga wa ngano. Mama yeyote wa Kasulu anakijua kwa jina lingine: chapati za maji. Mbili au tatu zikitandazwa, uyoga ukapakwa juu, sarara ikalazwa katikati na kuviringishwa, unyevu wote unaishia humo.

Unga wa nje nao una siri iliyozoeleka. Anayejua chapati za kusukuma anajua kupaka mafuta, kukunja, kuviringisha na kusukuma tena ili zije na tabaka. Ganda la Wellington hufuata njia hiyohiyo, ila mafuta yake lazima yawe ya baridi na yaliyoganda, siagi au majarini, ili yakae katikati ya tabaka bila kuyeyuka mapema. Moto ukiyafikia, maji yaliyomo kwenye unga huwa mvuke na kuzisukuma tabaka zipande. Baridi ya usiku ya nyanda za juu, inayowafanya watu wa Buha wajifunike blanketi wakati wenzao wa Ujiji, kando ya ziwa, wanajipepea, hapa inakuwa msaidizi.

Oveni si lazima. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu, ndivyo mikate na keki zilivyookwa tangu zamani kwenye nyumba zisizo na umeme.

Kinachobaki ni nyama, na hapo ndipo pishi zima linapokwamia kwenye gogo la bucha. Msuli wa sarara haufanyi kazi kubwa ng'ombe anapotembea, ndiyo maana ni laini. Paja na bega hutembea kilomita nyingi kutafuta malisho, hivyo huwa na nyuzi ngumu zinazotaka saa mbili au tatu za kuchemka. Ganda la unga haliwezi kusubiri saa tatu. Dakika 40 kwenye moto wa nyuzi 200 limeshakuwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo anayevika unga kipande cha paja atapata ganda zuri na nyama ya kutafuna mpaka Mwaka Mpya. Mapishi mengi yanayodaiwa kushindikana yalishindikana sokoni, kabla moto haujawashwa.

Zipo pingamizi, na zina uzito. Katika Buha ya zamani ng'ombe hakufugwa ili aliwe. Kwa utaratibu wa ubugabire, aliyepewa ng'ombe alifungamana na aliyempa kwa uhusiano wa utii na ulinzi, na mnyama huyo alihesabiwa kwa maziwa, kwa mbolea na kwa heshima. Ng'ombe wa namna hiyo akichinjwa, kila mtu alitarajia fungu lake. Panga linalochanganya mfupa na mnofu lina haki yake: halimpendelei mwenye fedha.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama bucha zisingekuwa tayari na bei mbili. Miji ya Tanzania huuza steki kwa bei yake na mchanganyiko kwa bei yake, na asiye na uwezo wa steki bado anapata kilo yake. Sarara mbili za ng'ombe wa kienyeji ni kilo chache tu katika mnyama mzima. Zikiuzwa ghali kidogo kwa aliyeziagiza, foleni haipungukiwi, na mwenye bucha anapata fedha ya kumlipa mfugaji vizuri zaidi. Harusi ya watu 300 itaendelea na pilau na mchuzi, kama inavyofaa. Wellington ni ya meza ya watu wanane.

Usalama nao usisahaulike. Nyama iwe na mhuri wa ukaguzi, na isibaki mbichi katikati kama wanavyopenda wageni, kwa sababu tegu wa ng'ombe hupita humo. Nyuzi 63 katikati ya mnofu zinatosha kumwua, na sarara bado inabaki laini. Ikitoka motoni iachwe dakika 15 kabla ya kukatwa, vinginevyo maji yake yote yanamwagika kwenye sinia. Mwenye jokofu anaweza kuiviringisha usiku wa mkesha na kuioka asubuhi. Asiye nalo anunue, aviringishe na kuoka siku hiyohiyo.

Yote hayo yanaanza na safari moja. Tarehe 22 Desemba, kabla ng'ombe hajachinjwa, mnunuzi anapita buchani, anaacha kishika uchumba na kumwomba mwenye bucha aitoe sarara kwa kisu, kwa kufuata mstari wa mfupa, na kumwekea nzima. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Baada ya hapo panga liendelee na paja kama kawaida.