Kapiteni akishuka nchi kavu



Wiki iliyopita katika darasa letu kila mutu aliambiwa aandike kazi anayoitaka kiisha masomo. Zaidi ya nusu tuliandika: mkubwa wa biro. Hapana hata mmoja aliyeandika baharia, na si ajabu. Pwani yetu ya Kongo, kule Banana na Moanda, ni ya kilometa 40 hivi tu, na wengi wetu tumejua maji ya Ziwa Tanganika peke yake. Mwalimu akatueleza njia ya ofisa wa meli za biashara, na tangu siku ile tunabishana hata kwenye foleni ya chakula.

Njia yenyewe ni ndefu. Kijana anasoma, anasafiri kama mwanafunzi wa meli, kisha anapewa zamu yake mwenyewe: masaa manne mchana, masaa manne usiku, macho mbele. Hapo tu anaitwa ofisa. Sheria ya kimataifa inataka angalau miezi 12 ya zamu mbele ya kuwa msaidizi wa kwanza wa kapiteni katika meli kubwa. Kwa ukapiteni inataka miezi 36, ao 24 kama 12 kati yake alikuwa msaidizi wa kwanza. Wengi wanakawia zaidi. Halafu siku moja anachoka kukosa watoto wake, ao kampuni inamwita, naye anashuka. Sasa anapanga mabaharia, anasimamia matengenezo ya meli, anafuata usalama wao.

Wenzetu wamoja walisema: huyu ameanguka, sababu kule alikuwa kama mfalme na hapa ni karani. Wengine: hapana, amepata, analala kwake. Sisi tunaona pande zote mbili zinaacha jambo lililo kubwa. Mwenye kukaa kwenye biro ndiye anayesikia watu wa majini, ao anayekataa kuwasikia.

Tarehe 6 Machi 1987 meli Herald of Free Enterprise ilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Dover, Uingereza. Milango ya mbele, pale magari yanapoingilia, ilibaki wazi. Mwenye kazi ya kuifunga alikuwa amelala, na kapiteni kule juu hakuweza kuiona. Maji yakaingia, meli ikalala ubavu kwa dakika chache, watu 193 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba makapiteni wa kampuni ile walikuwa wamekwisha kuomba taa ndogo ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Kule biro walijibiwa kwa mzaha. Taa tu! Ni franga ngapi?

Kiisha msiba ule ilitungwa kanuni mpya, mwaka 1993, na tangu 1998 ikaanza kuwa ya lazima. Kila kampuni iweke mutu nchi kavu mwenye njia ya kufika moja kwa moja kwa mkubwa wa juu kabisa. Nani anafaa kiti kile kupita mutu aliyesimama zamu usiku?

Rafiki yetu mmoja anayesoma biashara aliuliza: na mahesabu? Ana haki. Kapiteni asiyejua hesabu wala sheria atadanganywa na kila karani, basi arudi kusoma, hata na mvi zake. Tena mutu anasahau upesi. Miaka kumi kwenye kiti cha mto, na dhoruba inakuwa hadithi. Sisi tungetaka apande meli mara kwa mara, na si siku ya karamu.

Kanuni ile ni ya safari za kimataifa za baharini. Haifiki kwenye maboti ya ziwa letu. Lakini kila likizo wamoja wetu wanapanda boti kurudi nyumbani. Yule anayesema "ongezeni mizigo" mara nyingi anabaki bandarini. Je, amekwisha kulala hata usiku mmoja ndani ya boti lile?

Mwenye kubisha alete karatasi yake kwa kamati mbele ya Jumamosi. Tutaichapa.