Safari Hii Tuwe Waasisi

Ndugu zangu wa Busawe, nanyi mlio Ring'wani, Kenyamonta, Majimoto na ng'ambo ya Mto Mara upande wa Tarime, nawaandikia juu ya jambo linalosemwa chinichini minadani na misibani: kwamba vyama tulivyonavyo havitutoshi, na heri kingekuwapo chama kipya. Naomba tuliseme kwa sauti. Ni haki yetu kisheria tangu tarehe 1 Julai 1992, na anayeianza kazi hii bila kuijua njia yake humaliza nguvu zake na za wenzake.

Kura hatuiogopi. Mwaka 2005 Tarime ilimpeleka bungeni Chacha Wangwe wa CHADEMA. Alipofariki kwa ajali ya gari Pandambili, mkoani Dodoma, tarehe 28 Julai 2008, uchaguzi mdogo wa Oktoba ukakirudisha kiti kwa chama kilekile. Mwaka 2010 jimbo likaenda CCM. Mwaka 2015 Tarime Mjini, Tarime Vijijini na Serengeti yote yakaenda CHADEMA. Mwaka 2020 yote matatu yakaenda CCM. Lakini katika kugeuka huko kote tulikuwa tukichagua kati ya vyama vilivyoasisiwa na wengine. Katiba ziliandikwa kwingine, kofia na kanga zikaletwa, na jina la mgombea likapitishwa mbali na hapa. Wito wangu ni huu: safari hii, ikiwa kweli tunataka chama kipya, tuwemo tangu siku katiba yake inapoandikwa.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na chama, si mtu mwema asimame tu mwenyewe? Katika nchi yetu hawezi. Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania njia ya mgombea binafsi kwa miaka karibu ishirini. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Katiba ikarekebishwa kuiziba njia hiyo, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba kuiziba ni kuvunja haki. Mlango bado umefungwa. Hata uenyekiti wa kitongoji hapa Busawe hauombwi bila chama. Kwa hiyo mama anayeaminiwa na kitongoji kizima, asiyetaka kadi ya chama chochote kilichopo, hana pa kupitia. Kwa ajili yake peke yake ningeandika wito huu.

Sasa tuisome Sheria ya Vyama vya Siasa, Namba 5 ya mwaka 1992, kwa sababu ndani yake mna sharti moja linalotugusa sisi kuliko wengi. Ili chama kipate usajili wa kudumu, lazima kiwe na wanachama wasiopungua 200, wenye sifa za kuandikishwa kupiga kura, katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi. Miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar: mmoja Unguja, mmoja Pemba. Jumla ni watu 2,000, wala si wengi. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2011, wanadaiwa wapiga kura 1,000 katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti zao 47, maana yake watu 24,000 au zaidi. Ugumu wetu uko kwingine. Mtu wa Busawe akitaka kuasisi chama, hawezi kukijaza watu wa Mara peke yao. Atawapata wapi watu 200 wa Pemba?

Nalipenda sharti hili, na nasema hivyo nikijua linavyotuuma. Sheria hiyohiyo inakataza chama cha kabila, cha dini au cha upande mmoja wa Muungano. Mtikila alikuwa na chama chake, DP, kikakosa usajili kwa miaka mingi kwa kuwa hakikuukubali Muungano, hadi mwaka 2002 ndipo kikasajiliwa. Kwetu Muungano si tatizo. Tatizo letu ni koo. Jina la mtu likitajwa kuwa anataka kugombea, swali la kwanza ni anatoka ukoo gani, na Tarime tumezika vijana kwa mapigano ya koo. Chama kitakachoanza kwa kuhesabu Wanchari ni wangapi na Warenchoka ni wangapi, au Wangoreme watapata nini na Wakurya watapata nini, kitavunjika kabla ya kumaliza kuandikisha watu wa wilaya moja. Mtu anayelazimika kumweleza mvuvi wa Wete, Pemba, kwa nini ajiunge naye hana budi kuacha habari za ukoo nyumbani. Atalazimika kusema anataka nini.

Nasi tunataka nini? Hapa ndipo tukae muda mrefu zaidi, kuliko kwenye jina na rangi za bendera. Vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti vinalala macho mahindi yakianza kukomaa, tembo wakiingia mashambani. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, na migogoro ya ardhi na fidia pale imezaa vifo na kesi. Wangwe alipendwa kwa sababu aliisemea migogoro hiyo. Mambo haya yana wenzake mbali na hapa. Mkulima wa kando ya Selous ya zamani anamjua tembo. Mchimbaji mdogo wa Geita anaijua fidia. Hao ndio wanachama wetu wa mikoa mingine, na tutawapata kwa kuanza na shida tuliyo nayo sote. Lipo pia jambo ambalo wanasiasa wengi hulipita kimya wakija kwetu, yaani ukeketaji wa mabinti, kwa sababu wazee wa mila wana neno kubwa siku ya kura. Chama kipya kikiogopa kulitamka hilo Mugumu na Tarime, sioni kinaanzishwa cha nini.

Katika mkoa huuhuu wa Mara, Butiama, alizaliwa mwalimu aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954. Tunamtaja mara nyingi, ila tunasahau kwamba nyumbani kwake ndiko chama chake kilikobanwa. Tangu mwaka ule hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataa kusajili matawi ya TANU Jimbo la Ziwa, na Musoma ilikuwa ndani ya jimbo hilo. Chama kilipona kwa kuwa kilikuwa na watu kwingine. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed aliyapitia makundi ya wanawake ya lelemama, makundi yaliyokuwa tayari na viongozi wao na desturi ya kukutana, akawaingiza maelfu chamani. Hakuanza kutafuta mtu mmojammoja barabarani.

Mama zangu wa Busawe, ninyi mna vikoba. Mna sanduku lenye funguo tatu zinazoshikwa na watu watatu, mna daftari la hisa, mna faini ya kuchelewa, na kila mwaka mnagawana bila polisi kuitwa. Vyama vingi vya siasa vingefurahi kuwa na hesabu safi kama zenu. Sheria inakitaka chama kiwe na daftari la wanachama, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu. Ruzuku ya serikali chama kichanga hakipati, maana inafuata viti vya ubunge na kura. Kitaishi kwa ada. Basi mhasibu wa kwanza wa chama atoke kwenye vikoba, na ada iwe ndogo kiasi cha kulipika na mtu asiye na ng'ombe. Akitokea tajiri mmoja wa kulipia kila kitu, ashukuriwe na ada yake ipokelewe sawa na ya wengine. Mkimwachia gharama zote, chama kitakuwa chake.

Katiba ya chama iandikwe mkifikiria siku mtakayogombana. Mwaka 1995 NCCR-Mageuzi ilimsimamisha Augustine Mrema kugombea urais akapata karibu asilimia 28 ya kura. Miaka minne baadaye ugomvi wa viongozi ulikuwa umeipasua, Mrema akahamia TLP. Profesa Ibrahim Lipumba aliandika barua ya kujiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, kisha mwaka 2016 akasema ameifuta. Je, mtu akishaandika barua amekwisha ondoka, au mpaka mkutano upokee? Swali hilo moja lilikwenda mahakamani, na Machi 2019 uamuzi ulipompendelea Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo, chama kilichokuwa kimesajiliwa mwaka 2014. Na Wangwe wetu, kabla ya kufariki, alikuwa amesimamishwa umakamu mwenyekiti wa chama chake katika mgogoro wa ndani. Sitaki kufufua nani alikuwa na haki. Nataka kifungu kinachosema nani anaweza kumsimamisha kiongozi, kwa kura ngapi, na akate rufaa wapi, kisomwe kwa sauti mbele ya watu na kieleweke na asiyesoma.

Tunayo jadi yetu ya kusaidia hapo. Katika ritongo, mkutano wetu wa jadi, mambo ya jamii husemwa hadharani, na mtu huhojiwa mbele ya wenzake. Lichukueni jambo hilo la uwazi. Liacheni lile la wanawake na vijana kukaa pembeni wakisubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Mura, kijana unayesoma haya, usikubali kuitwa mlinzi wa mkutano. Omba kuwa katibu. Vikundi vya ulinzi vya chama sheria inavikataza hata hivyo.

Wapo wanaoogopa, na siwalaumu. Mikutano ya hadhara ya vyama, nje ya kampeni, ilizuiwa kuanzia mwaka 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa zuio tarehe 3 Januari 2023, na viongozi wa vyama wamekamatwa mara nyingi. Kwa hiyo kila hatua iwe na karatasi: barua ya taarifa kwa polisi, nakala iliyogongwa muhuri, kumbukumbu za kikao. Nanyi mnaokwenda na kurudi Sirari, msiwaandikishe ndugu zetu wa Isebania na Kehancha, upande wa Kenya, kwa mapenzi tu. Damu ni moja, lakini mwanachama lazima awe raia wa Tanzania, na majina ya namna hiyo yakionekana wakati wa uhakiki yatawaangusha wote. Askari pia waacheni, Katiba inawakataza kujiunga.

Namalizia na hesabu ya siku, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Ombi likipokelewa, Msajili wa Vyama vya Siasa hutoa usajili wa muda. Kwa usajili huo mnaruhusiwa kufanya mikutano na kutafuta wanachama, lakini hamruhusiwi kusimamisha mgombea. Unadumu siku 180. Ndani ya siku hizo wanachama wa mikoa yote kumi wawe wamepatikana, tena wawe tayari kuhakikiwa. Siku 180 ni kama msimu mmoja wa mahindi, na nauli ya kwenda Pemba na kurudi si mchezo. Basi msipeleke ombi kwanza. Anzeni na daftari tupu la kurasa kumi, kila ukurasa mkoa wake, na mwulizane nani ana mtoto anayefundisha Geita, nani alisoma na mtu wa Mtwara, nani aliwahi kufanya kazi Unguja, nani ana simu ya mtu yeyote Chake Chake. Kila ukurasa uwe na watu watano wanaoaminika, waliokwisha kuisoma rasimu ya katiba na kuikosoa. Ukurasa wa Pemba ujazwe kabla ya ukurasa wa Mara, na hapo ndipo mtu apande basi kwenda kwa Msajili.