Juma wa Thika Hajapata Mwandishi

Msafiri atokaye Nairobi kwa ile barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012 hupita Ruiru kabla ya kuingia Thika. Zamani kulia na kushoto kwake ilikuwa ni mibuni mitupu. Siku hizi mibuni inang'olewa na majumba ya ghorofa yanapanda. Sisi watu wa pwani, ambao kahawa chungu haikosekani barazani petu, ni nadra kujiuliza ni nani aliyeandika habari za mashamba yale na watu wake.

Aliyesomwa kuliko wote ni mwanamke wa Kiingereza, Bibi Elspeth Huxley. Alizaliwa London mwaka 1907, akafariki mwaka 1997. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walifika nchi hii kabla ya vita vya 1914 wakafungua shamba la kahawa karibu na Thika. Utoto wake wa huko ndio aliousimulia katika kitabu "The Flame Trees of Thika", kilichotolewa mwaka 1959. Mwaka 1981 kilifanywa mchezo wa televisheni Uingereza, na jina la Thika likafika majumbani mwa watu ambao hawajapata kuiona Afrika.

Lakini hicho si kitabu chake pekee. Mwaka 1935 alitoa juzuu mbili za "White Man's Country", habari za Lord Delamere, mkuu wa masetla, na ndani yake aliwatetea masetla waziwazi. Mwaka 1937 alianza kutoa hadithi za upelelezi. Mwaka 1939 alitoa "Red Strangers", riwaya ya jamaa moja ya Kikuyu tangu kabla Wazungu hawajaja hadi baada ya kuja kwao. Mchapishaji alimtaka apunguze maelezo ya kutahiriwa kwa msichana. Bibi Huxley alikataa, akaupeleka mswada wake kwa mchapishaji mwingine.

Tumefunzwa kumtendea haki hata yule tusiyekubaliana naye. Kwa hiyo tuseme wazi: mama huyu alikuwa na jicho kali na kalamu nyepesi, na katika "Red Strangers" alijitahidi kuyatazama mambo kutoka upande wa mwenyeji. Hata hivyo, mwenyewe alikuwa mtoto wa setla. Katika kitabu cha Thika baba ananunua shamba la eka 500 hotelini Nairobi, kwenye baa, kutoka kwa Mzungu mwenziwe. Msomaji anachekeshwa, na kicheko kikiisha ndipo anapouliza: je, mwenye ardhi alikuwa wapi siku hiyo? Ndiyo sababu Ngugi wa Thiong'o, katika kumbukumbu zake za kizuizini zilizotolewa mwaka 1981, aliwashambulia vikali waandishi wa namna hii.

Sasa tuje kwa linalotuhusu sisi. Katika kitabu hicho hicho yumo mpishi aitwaye Juma. Huyu ni Mswahili, ni mtu wetu. Anaonyeshwa akijivuna na kuwadharau watu wa bara waliomzunguka, akiwaona kuwa washenzi. Msomaji wa Mombasa au Lamu anaweza kukasirika na kusema kwamba amesingiziwa. Je, ni kweli amesingiziwa? Tukiwa wakweli tutakiri kwamba neno hilo la ushenzi lilitoka katika vinywa vyetu kabla ya Mzungu kulitumia, na kwamba bado halijakoma kusemwa. Hapo Bibi Huxley alitushikia kioo, na si haki kukilaumu kioo.

Lakini kioo huonyesha uso tu. Juma alitoka mtaa gani? Alimwacha nani nyumbani? Katika baridi ile ya bara alifunga Ramadhani na nani, na siku ya Idi alisali wapi? Hayo mtoto wa mwenye shamba hakuwa na njia ya kuyajua. Watu kama Juma walikuwa wengi: wapishi, wapagazi, askari, makarani, wachuuzi. Walipanda bara, wengine wakaoa na kuzikwa huko huko. Wajukuu wao wapo, na habari zao zimo vifuani mwa mabibi zetu.

Wala tusidai kwamba kuandika si kazi ya wanawake wetu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, karibu miaka mia moja kabla ya kitabu cha Thika. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Na huko bara, Charity Waciuma alisimulia utoto wake wa Kikuyu katika "Daughter of Mumbi" mwaka 1969. Wao waliona kwamba wasiposimulia wenyewe, watasimuliwa na wengine.

Maoni yetu ni haya. Vitabu vya Bibi Huxley visichomwe wala visisujudiwe. Visomwe, hasa na vijana wa Thika na Ruiru, pamoja na vya akina Waciuma na Ngugi. Na kila nyumba ya pwani iliyokuwa na mtu wake bara imkalishe bibi kitako, imsikilize, iandike, hata kama ni katika daftari la shule. Akiba haiozi. Mibuni ikishang'olewa yote, na wazee wakishatangulia mbele ya haki, Juma atabaki mpishi wa kitabuni tu, bila mji wala jamaa. Hapo hatutakuwa na wa kumlaumu ila nafsi zetu.