Mgonjwa wa Hogo Asiambiwe Avumilie

Kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi amefungwa hogo jioni. Usiku wa manane analia. Amechomwa sindano ya maumivu na bado analia, na anachopewa ni maneno: vumilia, mfupa umevunjika, lazima uume. Maneno hayo yamewagharimu watu miguu, na yasisikike tena katika wodi yoyote ya mifupa.

Misuli iliyo chini ya goti imekaa katika vyumba vinne, kila kimoja kimefungwa kwa utando mgumu usiovutika. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa humo, na hogo linabana kwa nje. Shinikizo hupanda hadi mishipa midogo ya damu inazibwa, misuli inaanza kufa ndani ya saa chache. Zikipita saa sita, madhara mengi hayarudi nyuma. Wala si elimu ya jana: mpasuaji Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi bandeji iliyokazwa inavyoua misuli na kuukunja mkono moja kwa moja.

Wa kwanza kuliona hili ni muuguzi, kwa sababu ndiye aliyepo. Amuulize mgonjwa kama maumivu yamezidi yale ya mchana. Akishike kidole gumba cha mguu, akikunje na kukinyoosha taratibu. Mgonjwa akipiga yowe kwa mnyoosho mdogo namna hiyo, hatari imekwisha bisha hodi. Amguse katikati ya kidole gumba na kinachofuata, aulize kama kuna ganzi. Abonyeze ukucha aone damu inarudi ndani ya sekunde mbili. Na asijifariji kwa mapigo ya mshipa! Mapigo hupotea mwishoni kabisa, mara nyingi misuli imeshakufa. Anayeandika "mapigo yapo" kisha akaondoka hajampima mtu.

Nitajibiwa kwamba usiku muuguzi ni mmoja na wagonjwa wengine wamelala sakafuni. Ni kweli, na aliyempanga peke yake ana lawama kubwa kuliko yeye. Lakini vipimo nilivyotaja havidai mashine wala umeme. Kinachowavunja moyo wauguzi wengi ni kingine: daktari anayefoka akiamshwa. Mwaka wa kwanza muuguzi anapiga simu, wa pili anasita, wa tatu anajifunza kusema vumilia.

Uzembe huohuo upo mchana kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mama mwenye vidole vilivyovimba anaambiwa ni umri, anapewa dayklofenaki ambayo akiimeza miezi na miezi inaweza kumtoboa tumbo na kumharibia figo. Nani alimuuliza vidole vinakaza kwa muda gani asubuhi? Kiungo kilicholika kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Baridi yabisi hukaza saa nzima na zaidi, ikivimbisha vifundo vya mikono yote miwili, na kila mwezi wa kuchelewa unakula viungo. Naye mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu ghafla asirudishwe nyumbani na dawa ya maji. Huenda nyonga imejaa usaha, na usaha huo hutolewa leo, si Jumatatu.

Nadai jambo moja, na nalidai kwa waganga wakuu wa hospitali. Muuguzi apewe mamlaka ya maandishi kulipasua hogo kwa urefu wake wote, pamoja na pamba na bandeji hadi ngozi ionekane, aulaze mguu usawa wa moyo, ndipo ampigie mpasuaji, bila kuomba radhi. Mfupa unaweza kufungwa upya kesho, lakini msuli uliokufa haufufuki. Mkasi wa kukatia hogo ukae wodini, na ufunguo wa kabati lake usiende nyumbani na mtu yeyote.