Muhogo ulisingiziwa, sasa manjano yanapambwa

Ukiugua kongosho katika nchi hii, utapewa mimea miwili kabla majibu ya maabara hayajatoka: mmoja wa kulaumu, mwingine wa kunywa. Mimi yote miwili nimepewa na ukoo mmoja. Baba mdogo, aliyeko Masasi, alisema ni muhogo, tena ule mchungu tuliokula mwaka wa njaa. Shangazi wa Temeke hakubishana naye. Alikuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa kitu cha njano, imebandikwa karatasi: “Kisukari, presha, kongosho, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Kikombe kimoja kutwa mara tatu.” Akaniambia, “Mwanangu, wewe kunywa tu, maswali utauliza baadaye.”

Tatizo ni kwamba nimefundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, na sijui kuanza na jibu.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, ndiyo maana maumivu yake huchoma hadi mgongoni. Lina kazi mbili: kutoa insulini inayoongoza sukari, na kumwaga kwenye utumbo vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Langu limekakamaa; wenyewe wanaita kuvimba sugu kwa kongosho. Nilikonda huku nakula. Choo kikawa cheupe, chenye mafuta, kinaelea, hata ukimwaga maji ndoo nzima hakiondoki. Mnaosoma mkiwa mezani mnisamehe, lakini hiyo ndiyo dalili ambayo watu huona haya kuitaja, na daktari asipoambiwa hataiota. Picha ya CT ilionyesha vijiwe ndani ya mrija wa kongosho. Pombe sinywi, sigara sikuwahi kuvuta, mfuko wa nyongo ni safi. Kwenye faili, mbele ya neno “sababu”, daktari aliandika: haijulikani. Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyojazwa na ukoo wangu.

Siku hizi kila mlo naumeza na vidonge vya vimeng'enya vilivyotolewa kwenye kongosho la nguruwe. Nilipomfuata imamu wetu na jambo hilo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna kitu kingine cha kushika nafasi yake. Nikamwambia daktari kasema hakuna. Akasema kunywa, dharura ina hukumu yake. Shangazi habari hiyo hataki hata kuisikia, na nadhani nusu ya mapenzi yake kwa ile chupa ilianzia hapo.

Tuanze na mshtakiwa. Baba mdogo hakuzua. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukikatwa, ukipondwa au ukitafunwa, linamarini huachia sianidi, na sianidi ni sumu. Mwili huizima kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Sasa fikiria mwaka wa ukame: samaki hakuna, maharage hakuna, na tumbo halisubiri makopa yakauke. Wanawake wa kwetu wanajua namna ya kuutoa uchungu, kwa kuuloweka, kuuvundika au kuuanika siku nyingi, lakini hatua hizo zote zinadai muda, na njaa ndiyo inayoula muda. Masasi mwaka 1988 watu walilewa muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Tarime mwaka 1985 ilikuwa mbaya zaidi: watu waliamka miguu imekakamaa, na haikurudi tena kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 uliwapata zaidi ya watu elfu moja.

Kwa hiyo muhogo una kesi, na kesi hiyo ni ya miguu. Ya kongosho ilifunguliwa India.

Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ambako muhogo ulikuwa chakula cha maskini, daktari Geevarghese alikuwa akiwaona vijana wenye maumivu ya tumbo tangu utotoni, kongosho limejaa vijiwe, kisha kisukari. Mwaka 1979 yeye na mwenzake McMillan waliandika kwamba huenda sianidi ya muhogo ndiyo inayoharibu kongosho la mtu asiyepata protini. Hoja iliingia akilini. Maskini wanakula muhogo, maskini wanaugua, muhogo una sumu. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaweka kwenye orodha yake kisukari cha utapiamlo, na ndani yake kile cha kongosho lenye vijiwe. Muhogo ukawa umehukumiwa vitabuni kabla watu wanaoula hawajahesabiwa.

Kilichofuata kinanifurahisha kuliko yote, na sielewi kwa nini watoto wetu hawakisomi shuleni. Waliokwenda kuhesabu walitoka Muhimbili. Daktari Andrew Swai, Profesa Donald McLarty na wenzao waliona jambo jepesi kabisa: kama muhogo ndio unaoua kongosho, basi kisukari kijae pale muhogo unapoliwa kuliko kote. Wakaenda mkoani Mara, kwenye jamii iliyokuwa na konzo, yaani watu ambao miguu yao yenyewe ilishatoa ushahidi kwamba sianidi imewapitia. Wakapima sukari kwenye damu za watu wazima, wakalinganisha na vijiji ambavyo muhogo si chakula kikuu. Kisukari kilikuwa kichache, wala hakikuwazidi wale wasioutegemea muhogo. Makala yao ya mwaka 1992 ilibeba hukumu kwenye kichwa chake: kisukari hakisababishwi na sumu ya muhogo.

Baadaye mengine yakajipanga. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani liliondoa fungu la kisukari cha utapiamlo. Miaka michache baada ya hapo watafiti wakaona kwamba wagonjwa wengi wa India na Bangladesh wenye kongosho la vijiwe wamerithi hitilafu kwenye jeni iitwayo SPINK1, ambayo kazi yake ni kuzuia vimeng'enya visianze kulisaga kongosho lenyewe kabla havijafika kwenye utumbo. Mpunga wa Kerala ungeweza kushtakiwa vilevile kama muhogo.

Nayasema haya kwa sababu kesi inataka kufufuliwa. Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua kisukari aina ya 5, kinachohusishwa na utapiamlo, na tayari kwenye kundi letu la WhatsApp la wastaafu kuna mtu ameurudisha muhogo kizimbani. Utapiamlo ni kukosa chakula cha kutosha. Mtu aliyekula muhogo mtupu mwaka mzima alikosa samaki, maziwa na maharage. Muhogo ndio uliomvusha.

Sasa yule anayesifiwa. Manjano nayapenda, mchuzi wa samaki bila manjano siuiti mchuzi. Ndani yake mna kurkumini, na kwenye vyombo vya maabara kurkumini huua seli za saratani ya kongosho kweli. Hapo ndipo karatasi nyingi za matangazo zinapoishia kusoma. Lakini seli kwenye chombo humwagiwa dawa moja kwa moja. Mtu anakula, na kurkumini nyingi anayokula hupita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu.

Kuna waliowahi kuijaribu kwa watu. Huko Houston, Marekani, hospitali ya MD Anderson iliwapa wagonjwa 25 wa saratani ya kongosho gramu 8 za kurkumini kila siku, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walioweza kupimwa maendeleo yao walikuwa 21. Mmoja ugonjwa wake ulitulia kwa zaidi ya miezi 18. Mwingine uvimbe ulinywea sana, lakini kwa muda mfupi. Basi. Na hapakuwa na kundi la pembeni la kulinganisha nalo, kwa hiyo hata wawili hao huwezi kuapa kwamba waliponywa na kurkumini.

Nilikaa na kalamu. Unga wa manjano una kurkumini kiasi cha asilimia 3 hivi. Gramu 8 zinadai zaidi ya robo kilo ya unga kila siku. Nikamuuliza Shangazi muuzaji anatia kiasi gani. Akasema vijiko viwili vya chai kwa chupa nzima. Hiyo haifiki hata nusu gramu ya kurkumini, na chupa inanywewa kwa siku mbili au tatu. Hata tukikubali kwamba dozi ya Houston inafanya kazi, ambayo haijathibitika, Shangazi alikuwa ananiletea maji yenye rangi.

Wajuzi watasema tia pilipili manga. Ni kweli: mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza kurkumini kwenye damu mara nyingi sana. Ila piperini haichagui, huingilia hata dawa nyingine unazomeza, na mtu wa umri wangu hamezi dawa moja. Nchini Italia mwaka 2019 mamlaka zilitoa tahadhari baada ya watu kadhaa kupata homa ya ini iliyohusishwa na vidonge vya manjano vyenye nguvu. Mchuzi haukuhusika.

Nisieleweke vibaya, miti inatibu. Dawa mbili kati ya zile zinazotegemewa hospitalini kwa saratani ya kongosho iliyosambaa zimetoka kwenye miti. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti wa Taxus wa pwani ya magharibi ya Marekani. Irinotekani ilitengenezwa kutokana na kemikali ya mti wa Kichina, Camptotheca. Kemikali zote mbili zilichambuliwa na Monroe Wall na Mansukh Wani, ya Camptotheca mwaka 1966 na ya Taxus mwaka 1971. Hakuna aliyetangaza ushindi siku ile. Zilipofika kwenye kongosho ilikuwa 2011 na 2013, zikijaribiwa pamoja na dawa nyingine kwa mamia ya wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu. Mchanganyiko wenye irinotekani ulileta wastani wa miezi 11.1 ya kuishi, badala ya 6.8 ya dawa ya zamani. Ule wa paklitakseli ulileta 8.5 badala ya 6.7. Ni miezi tu, na waliandika miezi. Linganisha na karatasi ya chupa inayoandika “kupona”.

Kuhusu mboga na matunda kwa jumla, tafiti zilizowauliza watu baada ya kuugua zilionyesha kinga nzuri. Zile zilizowafuatilia watu wakiwa wazima kwa miaka mingi zilikuta kinga ndogo au hazikukuta kitu. Kuleni mboga kwa ajili ya moyo na choo, inatosha.

Upo mmea mmoja ambao ushahidi wake juu ya kongosho hauna ubishi, na hakuna ndugu aliyewahi kuja kwangu kuutaja. Ni tumbaku. Mvutaji sigara yuko kwenye hatari ya saratani ya kongosho karibu mara mbili ya asiyevuta, na sigara hulikakamaza kongosho hata kwa mtu asiyeonja pombe. Tunailima Tabora na Chunya, tunaipima kwenye mizani, tunatangaza bei yake redioni. Baba mdogo anayeulaani muhogo huulaani akiwa na sigara mkononi. Ni mkubwa wangu, nami nimeshamwambia kwa adabu zote. Alicheka akaomba kibiriti.

Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Tunakumbuka magari, vumbi na urefu wa foleni. Muulize yeyote ni wangapi sukari yao ilishuka na ikabaki chini, uone kama atakupa namba.

Ombi langu liende kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Chupa yoyote inayotaja kongosho iandikwe vitu vitatu: wangapi waliinywa, wangapi walipata nafuu, na nani aliyewapima. Asiye na namba hizo auze manjano yake kama kiungo cha mchuzi, nami nitakuwa mteja wake. Na wewe msomaji, ukiwa umevuka miaka 50, sukari ikapanda ghafla huku unakonda, macho yakawa ya njano, choo kikawa cheupe na maumivu yanachoma hadi mgongoni, nenda hospitali wiki hii hii ukaombe picha ya tumbo. Kama kuna chupa nyumbani, nenda nayo umwonyeshe daktari.