Maji Huifuata Chumvi

Bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akimwuguza mjukuu wake wa miezi 14, aliyeshikwa na tumbo la kuhara. Zahanati alipewa paketi za ORS, akaagizwa kila paketi aikoroge katika lita moja ya maji safi. Kwa mapenzi yake, bibi aliona lita nzima ni kuizimua dawa. Akaikoroga katika gilasi moja, ipate nguvu. Kufika jioni mtoto alikuwa akihara zaidi na midomo imemkauka. Bahati njema, katika nyumba ile amepanga muuguzi, naye alipoiona gilasi akaimwaga upesi.

Mtoto amepona. Lakini bibi aliniuliza: “Mwanangu, tangu lini dawa kali ikashindwa na dawa nyepesi?” Swali lake ni la haki, na jibu limo jikoni mwake mwenyewe.

Akina mama, na ninyi akina baba mnaoijua njia ya jikoni, kumbukeni kitunguu cha kachumbari. Ukikikata, ukakinyunyizia chumvi na kukiacha kwa muda, utakikuta kimelegea na bakuli lina maji. Maji hayo hukuyatia wewe. Yametoka ndani ya kitunguu.

Kitunguu, kama kiumbe chochote, kimejengwa kwa seli, yaani vijumba vidogo mno, na kila kijumba kimezungukwa na utando. Utando huo hupitisha maji kwa wepesi, ilhali chumvi na sukari haziupiti hivi hivi. Basi upande mmoja ukizidi chumvi, maji huvuka kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mwendo huo wataalamu huuita osmosisi. Msidhani chumvi ina mkono wa kuvuta. Chembe za maji hutangatanga daima, zikivuka huku na huku. Ila penye chumvi nyingi nafasi ya maji ni finyu, kwa hiyo yanayorudi ni machache kuliko yanayokwenda.

Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliliona jambo hili mwaka 1748, alipofunika chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini: kibofu kikavimba kwa maji yaliyopenya ndani. Milango midogo ambayo maji huipitia katika utando wa seli haikujulikana hadi mwaka 1992, nayo ilimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Seli za damu yetu nazo ni hivyo hivyo. Ukizitia katika maji matupu hunywa hadi zikapasuka. Ukizitia katika maji ya chumvi kali husinyaa kama kile kitunguu. Ndiyo maana dripu ya chumvi ya hospitali hupimwa gramu 9 za chumvi kwa lita moja.

Sasa turudi kwa mtoto. Gilasi ya bibi ilikuwa nzito kuliko damu. Ilipofika utumboni, maji yakatoka mwilini kuifuata, yakamwagika na choo. Soda nayo ina hila hiyo hiyo: nyingi hukaribia gramu 100 za sukari kwa lita, na hiyo si dawa ya mtoto anayehara.

Je, tumpe maji matupu? Hayatoshi, kwa kuwa chumvi inayopotea hayairudishi. Katika ukuta wa utumbo upo mlango unaopitisha chumvi na sukari pamoja, na maji huzifuata. Hata kipindupindu hakiufungi mlango huo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilikuwa zikimalizika. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari na ndugu zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4.

Tena mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipunguza chumvi na sukari ya paketi, ili kinywaji kiwe chepesi kuliko damu na maji yaelekee mwilini. Bibi atashangaa: wataalamu waliiboresha dawa kwa kuizimua.

Basi someni maandishi ya paketi, kwani ziko pia za nusu lita. Ikikosekana, tieni katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha juu kwa kisu, si vya kujaza kilima. Mtoto anywe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10 kisha mwendelee. Anyonye na kula kama kawaida, na mwulize muuguzi habari ya vidonge vya zinki. Akiwa na macho yaliyobonyea, akilegea, akishindwa kunywa au akihara damu, pelekeni hospitali bila kungoja kuche. Maji yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe, ikorogwe paketi nyingine.