Bangi Nyumbani, Lakini Nyumba Gani?

Maneno ya bangi yamerudi midomoni mwa watu, na safari hii hayasemwi vichochoroni tu. Mwaka 2021 Marasta wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi wakitaka waruhusiwe kuitumia majumbani mwao na katika ibada zao. Kabla ya hapo, Septemba 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mtu mzima aweza kuipanda na kuivuta faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Basi hoja ikawa ndiyo hiyo: mmea uingie ndani, mlango ufungwe, serikali ibaki nje.

Mimi bangi siitetei. Nimesoma chuoni, na hukumu ya kileo naijua: kidogo chake na kingi chake ni haramu mamoja. Lakini hoja ya mlango si ya Marasta peke yao. Sisi tuliokaa juu ya jamvi tulisomeshwa katika Suratun Nur kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa idhini na salamu, na katika Suratul Hujurat kwamba tusipelelezane. Walimu wetu wakipenda kutuhadithia kisa cha Sayyidna Umar, aliyeparamia ukuta akamkuta mtu na kileo chake. Yule mtu akamjibu kuwa yeye amekosa mara moja, na Umar mara tatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, nayo imempa kila mtu haki ya faragha ya nyumba yake.

Ama kisa kile kina ukuta, na ukuta ndio nisiouona Kibera. Kuna kiambaza cha udongo, kuna bati, na ndani yake chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda, jiko, watoto na madebe ya maji. Jirani akipiga chafya wamwombea rehema bila ya kuinuka kitandani. Sasa uingize humo mmea uliozoea jua! Ungali mchanga hutaka taa kali, aghalabu saa 18 kwa siku. Ukitakiwa utoe maua hutaka giza la saa 12, na mwanga ukipenya usiku huvurugika. Bati lenye matundu ya misumari litaziba nini? Na stima yenyewe wengi huipata kwa nyaya za kuungwa kienyeji, nasi twaijua mioto ya mitaa hiyo. Harufu ndiyo haina adabu kabisa: hupenya ufa ikamkuta mtoto wa jirani na juzuu yake mkononi. Huyo naye faragha yake iko wapi?

Kisha nenda Kawangware, uvuke kidogo uingie Lavington. Huku vyumba vimepangana mlango kwa mlango na choo ni cha wote. Kule kuna ua, lango na bawabu. Wa Lavington akifungia miche yake chumba cha nyuma, nani atajua? Wa Kawangware akiingiza ndani kijiti kimoja kilichokuwa nyuma ya choo, mtaa mzima una habari kabla ya Magharibi, na askari hana haja ya kuparamia ukuta. Asukuma bati tu. Na sheria ya 1994 ilimwekea mpandaji bangi kifungo kifikacho miaka 20.

Wanubi, Waislamu wenzetu na wakazi wa tangu zamani wa Kibera, walingoja hati ya ardhi yao hata mwaka 2017, wakapata ekari 288. Wapangaji waliojazana mitaani humo hawana hata hiyo. Hao ndio wanaoambiwa leo kuwa nyumba ni ngome.

Mawakili wanaotetea faragha wanaitetea Lavington, wajue wasijue. Ningependa kabla ya kusimama tena mbele ya jaji walale usiku mmoja katika ploti ya Kawangware, kisha watuambie wamesikia mangapi ya jirani.